Kumfundisha mtoto majengo, anza na ngazi anazopanda kila siku

Mi nilianza vibaya. Niliwakalisha wanangu wawili nikawaonyesha picha za piramidi za Misri na mnara wa Eiffel, nikawatajia na miaka, dakika kumi tu mdogo kashaondoka. Picha haipandwi wala haishikiki, mtoto ataipendaje?

Nikabadilisha. Nikawapa tepu wapime ngazi, kila kipandio kina kimo gani, wakakuta karibu sm 17 na vyote sawasawa, mkubwa akauliza mbona havipishani? Hilo ndo swali nililokua nalitafuta. Nikamwambia fumba macho upande taratibu nimekushika mkono, akaona mwenyewe mguu unakariri, yaani kipandio kimoja kikizidi hata kidogo unajikwaa.

Kingine, waache wajenge vitu vianguke. Mirija ya kunywea na uzi inatosha kabisa. Unda mraba, sukuma kona, unalala. Sasa ongeza mrija mmoja wa mshazari upate pembetatu mbili, sukuma tena, hauendi popote. Hapo ndo nikairudisha ile picha ya Eiffel, mnara uliomalizika 1889, na safari hii wenyewe wakaanza kuhesabu pembetatu, kesho yake wakaziona mpaka kwenye kenchi za paa. Na tafadhali mnara anaoujenga mtoto ukiyumba usikimbilie kuushika, najua mkono unawasha, ila kule kuanguka ndo kunamfundisha kizito kinakaa chini.

Jaribuni na hii ya cheni, mi naipenda kuliko zote. Shika cheni nyepesi ncha zote mbili ining'inie, piga picha, halafu igeuze picha juu chini. Umepata tao linalobeba uzito wake lenyewe! Gaudí, msanifu wa Barcelona, alining'iniza nyuzi zenye vifuko vya uzito hivyohivyo kutafuta umbo la kanisa.

Ramani ya chumba ndo ilinisumbua, maana mdogo alichora kitanda kikubwa kuliko chumba. Sikumsahihisha, nilimpa karatasi ya visanduku nikamwambia unyayo wako mmoja ni kisanduku kimoja, akapima chumba kizima kwa miguu huku anahesabu kwa sauti, akachora upya, akakata kikaratasi cha kitanda akawa anakisogeza huku na huku, mwisho akaja mbio kuniambia mbona kinaenea chini ya dirisha. Tulikihamisha jioni ileile.