Maziwa kupungua baada ya kurudi kazini: mimi nilikamua ofisini miezi minane

Mdogo wangu, pole sana. Umesema mtoto ana miezi minne, hii ni wiki ya tatu tangu urudi kazini, pampu ilikuwa inakupa mililita 150 kila ukikamua na sasa inakupa 80. Dada wa nyumbani anasema mtoto anamaliza chupa nne na bado analia, na mama mkwe ameshatamka kwamba maziwa yamekauka, ununue ya kopo. Kabla hujaenda dukani nisikilize, maana haya yalinipata mimi na nilibakiza kidogo tu niache.

Naishi Kimara hapa Dar es Salaam, ofisi iko Posta, katikati ya jiji. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, nafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni. Niliporudi kazini mwanangu alikuwa na wiki kumi na moja. Wiki ya kwanza nilikamua mara tatu: saa tatu, saa saba, saa kumi. Wiki ya pili tukaingia kufunga hesabu za mwezi, nikaanza kuruka ile ya saa tatu. Tena nilikuwa nakamulia chooni, nimesimama, watu wanagonga mlango. Nikaona aibu kutoka kila mara, nikabaki na ya mchana peke yake. Wiki ya nne pampu ikanitolea mililita 50, matiti yote mawili. Nililia mle chooni.

Kliniki muuguzi hakuniuliza nakula nini. Aliuliza: kwa saa 24, maziwa yanatoka mara ngapi? Nikahesabu. Kunyonya mara nne, kukamua mara moja. Tano. Kabla sijarudi kazini mtoto alikuwa ananyonya mara tisa. Akaniambia titi likikaa limejaa kwa muda mrefu mwili unapunguza kutengeneza, na likitolewa mara kwa mara unaongeza. Kwa hiyo, mdogo wangu, acha kwanza kuhesabu mililita. Hesabu mara. Jana zilikuwa ngapi?

Yangu tulipanga zifike nane. Kumnyonyesha alfajiri kabla sijaoga, kukamua mara tatu kazini, kumnyonyesha nikiingia tu mlangoni hata kabla sijavua viatu vizuri, tena kabla ya kulala, na usiku mara mbili. Hizo za usiku ndizo nilizokuwa nimezifuta. Dada alikuwa anampa chupa ya saa nane ili mimi nipumzike, nia njema kabisa, lakini kichocheo kinachotengeneza maziwa, prolaktini, kinakuwa juu zaidi usiku. Nilimrudisha mtoto karibu yangu akanyonya usiku, na Jumamosi na Jumapili nikaficha chupa zote, nikamnyonyesha kila alipotaka. Ndani ya siku tano hivi nikaanza kuona tofauti, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimerudi kwenye 110, 120. Sikurudi 150 na haikuhitajika. Hata hiyo 80 yako, kwa mama ambaye bado ananyonyesha asubuhi na usiku, si ishara ya kukauka. Asubuhi huwa mengi, jioni machache. Jumatatu mengi, Ijumaa yanashuka. Ndivyo yalivyo.

Sasa muda wa kutoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi hadi saa 2 kwa siku. Sheria inataja kunyonyesha, haikutaja pampu, lakini mimi niliandika barua fupi kwa mtu wa rasilimali watu nikaeleza kwamba kutoka Posta hadi Kimara na kurudi hizo saa mbili zitaishia njiani, naomba nizitumie kukamua. Sikugombana na mtu. Nilitaja kifungu, nikaandika saa tatu, saa saba na saa kumi, dakika 25 kila mara. Walinipa stoo ya karatasi yenye kufuli kwa ndani. Nikaweka kiti, nikatundika kitenge dirishani. Ile kukaa tu bila hofu ya mlango iliongeza maziwa, kwa sababu ukiwa na wasiwasi hayashuki vizuri hata kama yamo. Nilikuwa nabeba kanga aliyolalia mtoto usiku, bila kuifua. Naiweka puani, nasikiliza sauti yake niliyoirekodi kwenye simu, na baada ya dakika mbili unasikia ule mchomo wa maziwa kushuka.

Halafu kagua pampu yenyewe. Mwezi wa tano yalishuka tena ghafla na mara zangu nane zilikuwa palepale. Nilihangaika wiki nzima, kumbe ni kile kimpira cheupe kinachofungua na kufunga kila pampu inapovuta, kilikuwa kimelegea na kuchanika pembeni. Nilibadilisha, siku hiyohiyo mvuto ukarudi. Angalia pia ile bakuli inayokaa kwenye titi. Chuchu icheze katikati bila kusuguka na bila kuvuta sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka kuingia ndani. Yangu ilikuja na ukubwa wa milimita 24 na mimi nilihitaji 21. Na pampu ikimaliza usifunge vifungo. Kanda titi taratibu kwa mkono, kamua kwa vidole dakika tatu hivi kila upande. Mimi nilikuwa napata mililita 20 au 30 ambazo pampu iliziacha.

Kuhusu chupa nne za nyumbani, hapa nakuomba uwe makini. Mtoto wa miezi minne hunywa kwa wastani mililita 750 hivi kwa siku nzima, yaani kama 30 kwa kila saa. Ukiwa nje kwa muda wa saa 11 anahitaji 330 hadi 350. Chupa nne zikiwa za 150 ni 600! Chupa inamiminika yenyewe, mtoto anameza kwa sababu yanakuja, si kwa sababu ana njaa. Mimi nilimfundisha dada ampe kwa kikombe kidogo, mtoto amekaa wima, 70 au 80 kwa mara moja, na aache akiona mtoto anageuza uso. Kulia kwingine kulikuwa ni usingizi au kutaka kubebwa. Ila usikisie: akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, anatosheka. Uzito usipopanda, wahi kliniki, usingoje majibu ya mtu yeyote humu, hata mimi.

Kuhifadhi: kwa joto letu mimi sikuyaacha mezani hata nusu saa. Yalikwenda moja kwa moja kwenye kiboksi chenye vipande vya barafu, ambamo yanakaa hadi saa 24. Kwenye friji siku 4, friza miezi 6. Yaliyoyeyuka hayarudi friza. Mweleze dada kwamba mafuta yatapanda juu na chini patabaki maji maji, huko si kuharibika, anatikisa taratibu tu. Wa kwangu alimwaga mililita 300 kwa kudhani yameganda, na sikuweza kumlaumu kwa sababu sikuwa nimemwambia. Unayapasha kwa kuweka chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, si jikoni.

Supu ya pweza, uji wa ulezi wenye karanga, mtori, vyote kunywa, mama anayenyonyesha anahisi njaa na kiu kweli. Mimi nilikunywa vyote na bado yalishuka, kwa sababu sikuwa nakamua. Jambo moja zaidi ambalo watu hawasemi: dawa. Nilipata mafua nikanunua vidonge vya kufungua pua vyenye pseudoefedrini, na maziwa yakashuka siku ya pili yake. Na kama umeanza uzazi wa mpango, uliza kama vidonge vyako vina estrojeni, kichocheo kinachoweza kupunguza maziwa. Vyenye kichocheo kingine, projestini, pekee kwa kawaida ndivyo wanavyowapa wanaonyonyesha.

Ikifika ukalazimika kuongeza ya kopo kidogo kwa muda, hujamkosea mwanao, na kunyonyesha kunaendelea palepale. Ila kila chupa ya kopo anayopewa, wewe kamua saa hiyohiyo, la sivyo mwili utaamini hayahitajiki. Na titi likiwa jekundu, gumu, na una homa, hiyo ni hospitali leo, huku ukiendelea kumnyonyesha.

Niandikie hapa jana yalitoka mara ngapi kwa saa 24, pampu yako ina muda gani, na chupa za dada ni za ukubwa gani. Nitapita usiku baada ya kumlaza huyu wa pili.