Umeme ukikatika, hesabu ya namba tasa inapotea?

Swali: Nafundisha hisabati katika sekondari moja mjini Mbale, Uganda. Maabara yetu ina kompyuta za mezani za Core i5, RAM GB 8. Nataka moja ishiriki kutafuta namba tasa kubwa, ila umeme hukatika ovyo na data tunanunua kidogokidogo. Hesabu ya wiki nzima haitapotea?

Jibu: Haipotei, Mwalimu. Prime95, programu ya GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea wanaotafuta namba tasa kubwa kwa kompyuta zao (kwa Linux huitwa mprime), huhifadhi hesabu kwenye diski kila dakika 30. Punguza ziwe 10 kwenye mipangilio, basi umeme ukikatika utarudia dakika hizo tu. Hatari zaidi ni umeme kurudi kwa nguvu kupita kiasi na kuunguza pawa saplai, kwa hiyo weka stebilaiza au UPS.

Zinazotafutwa ni namba za Mersenne, 2^p − 1, ambapo p yenyewe ni tasa. Hilo peke yake halitoshi: 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Kila kigawo cha namba hizi, p ikiwa tasa isiyo 2, kina umbo 2kp + 1, ndiyo maana programu huwinda kwanza vigawo vidogo kabla ya jaribio refu. Kwa darasa lako, jaribio la Lucas–Lehmer linafaa sana: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, bakiza baki ya kugawa kwa 2^p − 1, rudia mara p − 2. Kwa p = 7 unapata 4, 14, 67, 42, 111, 0. Sifuri mwishoni inathibitisha kwamba 127 ni tasa.

Kwa maabara lakini usichague Lucas–Lehmer, chagua PRP, jaribio la kuona kama namba inaelekea kuwa tasa (probable prime). Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2^136279841 − 1, iliyopatikana Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320. Kwa kipeo cha ukubwa huo kuna hatua zaidi ya milioni 136, na biti moja ikigeuka kwa sababu ya joto, vumbi au RAM mbovu, Lucas–Lehmer inaweza kukupa jibu la uongo bila kukuonya. PRP ina ukaguzi wa Gerbicz: ikigundua kosa hurudi nyuma hadi pale palipokuwa sahihi. Hata hivyo, safisha feni, kisha endesha jaribio la kuitesa mashine lililomo ndani ya programu kwa usiku mzima. Ikitoa makosa, badilisha RAM kwanza. Vijiti viwili vya GB 4 vinashinda kimoja cha GB 8, kwa kuwa kasi hapa hubanwa na njia ya kumbukumbu kuliko prosesa.

Sasa data. PRP huishia na faili la uthibitisho, ambalo unalipakia ili mwingine ahakiki matokeo yako bila kurudia jaribio zima. Kwa kipeo cha milioni 136 kila baki la katikati ya hesabu linalohifadhiwa lina MB 17. Kwa kiwango cha uthibitisho cha 8 (mpangilio ndani ya programu) huhifadhiwa mabaki 256 wakati wa kazi, kama GB 4.4 za diski, na mwishoni unapakia tisa, kama MB 153. Kiwango cha 7 hupunguza diski nusu, lakini upakiaji unabaki MB 136 na anayehakiki anafanya kazi maradufu. Sioni faida yake kwako.

Hatua moja ikichukua milisekunde 10, jaribio zima ni siku 16 bila kuzima. Maabara ikifunguliwa saa nane kwa siku, ni siku 47. Mashine inayokula wati 100 usiku na mchana humaliza yuniti 2.4 za Yaka (umeme wa kulipia kabla) kila siku, kwa hiyo mwalimu mkuu ajue kabla hujaanza. Mkiona gharama ni kubwa, chukueni kazi ya ECM, njia ya kutafuta vigawo kwa mikunjo ya duaradufu (elliptic curves): matokeo yake ni mistari michache ya maandishi, ingawa hutafuta vigawo tu, haitawapa namba tasa mpya.

Tuzo ya dola 150,000 kwa namba tasa ya tarakimu milioni 100 achana nayo kwa sasa. Inadai kipeo cha zaidi ya milioni 332, na jaribio moja tu lingechukua zaidi ya mara sita ya muda wa jaribio la kipeo cha milioni 136.