Swali la lugha: BK ni baada ya Kristo kufanya nini?

Msomaji anauliza: "Kama KK ni kabla ya Kristo na BK ni baada ya Kristo, ile miaka aliyoishi Yesu mwenyewe iko wapi? Haihesabiwi?"

Inahesabiwa, nayo ni BK. Kinachokukwaza ni Kiswahili chenyewe. Tukisikia "baada ya Nyerere" tunaelewa alipokwisha kuondoka. BK imekatwa mno. Maana yake ni baada ya kuzaliwa Kristo. Kilatini husema Anno Domini, katika mwaka wa Bwana, wala hakuna "baada" humo. Kwa maoni yangu, "Miladia" ya watu wa pwani imelenga vizuri zaidi: mzizi wake ni mmoja na wa maulidi, yaani kuzaliwa.

Mitume hawakuijua hesabu hii. Mwaka 525, huko Roma, mtawa Dionysius Exiguus alikuwa akiandaa jedwali la tarehe za Pasaka. Jedwali lililotangulia lilihesabu miaka tangu Diocletian, kaisari wa Roma, aliposhika utawala, mwaka 284, naye hakutaka kumuenzi mtesi wa Wakristo. Basi lile la zamani likaishia mwaka wa 247 wa Diocletian, lake likaanzia 532 wa Bwana. Wakopti, Wakristo wa Misri, hawakuitupa hesabu ya Diocletian. Waliibadilisha jina tu, ikawa ya wafiadini.

Dionysius aliteleza kidogo. Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai, na wanahistoria wengi wanakiweka kifo cha Herode mwaka 4 KK. Ndiyo maana unakuta vitabuni "Yesu alizaliwa mnamo 4 KK", kana kwamba alizaliwa kabla yake mwenyewe! Si kosa la chapa. KK imekwisha kuwa alama ya hesabu tu.

Wengi hukosea kwenye kujumlisha, kwa kuwa mwaka 0 haupo: 1 KK inafuatwa na 1 BK. Kaisari Augusto alizaliwa 23 Septemba 63 KK, akafa 19 Agosti 14 BK. 63 na 14 ni 77. Toa 1 ya mwaka usiokuwepo, 76. Na kwa kuwa alikufa siku yake ya kuzaliwa haijafika, toa 1 nyingine: alikuwa na miaka 75.

Katika kuandika, herufi hizi hukaa nyuma ya namba: 44 KK, karne ya 1 KK. KK usiiache kamwe. BK iweke pale tu msomaji anapoweza kutatizika. "1964 BK" ni kumchosha bure.