Kiti cha Pweza Chenye Ute Kipewe Ndoo Yake

Wiki iliyopita niliandikiwa na mdogo wangu mmoja kutoka Tanga, aliyefika hivi karibuni katika jimbo la Washington, Marekani, kusomea viumbe wa bahari. Aliuliza iwapo ni lazima kiti cha pweza chenye ute, yaani aina ya nyota ya bahari (starfish), kitengewe ndoo yake, ilhali ndoo za kwenye boti ni chache. Swali hilo lilinitonesha kidonda.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea huko Puget Sound, ghuba ya bahari katika jimbo hilo hilo, kazi yangu ilikuwa kupokea wanyama kutoka kwa wapiga mbizi na kuwapanga ndooni. Siku moja nilikabidhiwa kiti cha pweza kinene, chenye mikono mitano mifupi, kilichovimba kama mto mdogo wa kuegemea. Wataalamu hukiita Pteraster tesselatus. Kwa shauku nilikibonyeza ili nijue ugumu wake, kisha nikakitia katika ndoo iliyokuwa na samaki wadogo wanne. Kabla sijamaliza kuandika kibandiko, maji yalikuwa yamegeuka mlenda, na nilipoinua mkono, ute angavu ulining'inia kutoka vidoleni hadi ndani ya ndoo bila kukatika. Tulipofika gatini, samaki wote walikuwa wamekufa, ute umewaganda matamvuani, na kiti cha pweza kilikuwa kizima. Msimamizi alinikaripia mbele ya wenzangu wote. Hakuna aliyekuwa amenieleza lolote kabla ya siku hiyo, na karipio lile linaniuma hadi leo.

Usiku ule nilianza kusoma. Mnyama huyu ana ngozi ya pili mgongoni, iliyowambwa juu ya vishada vya miiba midogo kama turubai juu ya nguzo zake. Maji huingia kwa chini, hupita katika nafasi iliyo kati ya ngozi na mwili, kisha hutokea katika tundu la katikati ya mgongo linalofunguka na kufumba, na kwa njia hiyo hupumua. Akisumbuliwa, ngozi hiyo humwaga ute kwa wingi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba ute huo huwafukuza hata viti vya pweza wawindaji, akiwemo Pycnopodia helianthoides, ambaye huweza kuwa na mikono zaidi ya 20 na upana unaokaribia mita moja. Ikiwa jitu kama hilo hurudi nyuma, samaki wa urefu wa kidole aliyefungiwa ndooni atakimbilia wapi?

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu ni ndiyo: mpe ndoo yake. Usimbonyeze. Mwinue taratibu kwa kumkingia kiganja chini, ndani ya maji, na akimwaga ute, badilisha maji yote. Kama ndoo hazitoshi, mwache baharini. Nanyi vijana mnaoitamani kazi hii, ulizeni kabla ya kugusa, hata kama wanaowazunguka wanawaona washamba kwa kuuliza. Mnyama aliyetolewa mahali pake ni amana mikononi mwenu.

Mwezi uliopita nilikabidhiwa kingine. Nilikikinga kwa kiganja, nikakiteremsha polepole katika ndoo isiyo na kiumbe kingine. Tundu la mgongoni lilifumba, likakaa kitambo, likafunguka tena, na maji yakabaki maangavu hadi gatini.