Kwa wadogo zangu mnaoandika tafiti za watu

Jumanne nimemkuta kijana wangu wa kaunta anatoa kopi ya tano ya tasnifu ya mteja, karatasi bado zina moto. Nikaokota ukurasa mmoja. Umeandikwa "coffee value cRombon". Nikafunua mwingine: "the cRomborman of the AMCOS", yaani mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima. Nikaelewa. Kijana amechukua kazi ya zamani ya wilaya ya Hai, akaiamuru kompyuta iweke Rombo kila penye Hai, akaenda zake kunywa chai. Kompyuta haina simile. Ilipokuta h-a-i, iwe ndani ya chain au chairman, ikapachika Rombo. Kurasa 92 mara tano.

"Mangi, si inaeleweka tu?" ananiuliza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakasirika, maana mimi ndiye niliyemwachia lile faili. Meza hii ya steshenari hapa Moshi nina miaka kumi na moja nayo, na sita ya mwanzo niliandika kazi za watu toka sura ya kwanza mpaka viambatisho. Siku hizi siandiki. Nahariri, napanga kurasa, nachakata data ambayo mteja kaitafuta kwa miguu yake. Mnasema nimezeeka. Haya, someni.

1. Ukibadilisha jina la mahali, weka tiki kwenye kutafuta neno zima. Na kagua majedwali pia. Kuna mtu hapa mtaani aliwaacha wakulima wa Kilema, hapa hapa Kilimanjaro, wanalipwa kwa shilingi za Kenya.

2. Hela: nusu kabla ya kufungua faili, hasa kama bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, bado halijatoka. Hakuna mteja mpole kama asiye na hela.

3. Marejeo. Tangu mpate akili mnemba mnaniletea makala ambazo hazijawahi kuandikwa, chini ya majina ya watu waliopo kweli. Siku msimamizi akikuta jina lake kwenye orodha yako, na makala haijui, mtaelezana. Usichokiona kwa macho, kitoe. Turnitin, ile programu ya vyuo ya kukagua maandishi ya kunakili, nayo tangu Aprili 2023 inanusa maandishi ya mashine, na wakati mwingine inamsingizia aliyetoka jasho, kwa hiyo mwambie mteja atunze rasimu zake zote.

4. Kupika data. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa nne alikuja mama mmoja, mtumishi wa serikali, anasoma uzamili jioni na Jumamosi. Utafiti wake ulikuwa juu ya wanachama wa ushirika mmoja wa kahawa huku juu mlimani: kwa nini wanawauzia walanguzi badala ya kupeleka kahawa kwenye ushirika wao. Swali zuri kabisa. Wanachama walikuwa 400. Mnaijua fomula ya Yamane ya kupata idadi ya watu wa kuhoji, 400 kwa kosa la asilimia 5 inakupa 200 kamili, hata kikokotoo hugusi. Madodoso 200. Akaniangalia: "Kaka, likizo sina na mtoto anaumwa. Utanisaidia?" Hela yangu alikopa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Niliitikia kabla hajamaliza sentensi.

Niliwajibia wale watu 200 kwa usiku mbili, moja kwa moja ndani ya SPSS, programu ya takwimu, redio inaimba. Mara ya kwanza niligonga namba ovyo, alfa ya Cronbach, kipimo cha majibu kuendana, ikatoka 0.08, yaani majibu hayana hata undugu wa mbali. Nikaanza upya, safari hii kila mtu nikampa tabia: huyu mlalamishi, huyu ana imani na viongozi, huyu haelewi kitu. Alfa 0.81. Nilijiona fundi. Asilimia 74 ya wakulima wangu wakasema wanauza pembeni kwa kukosa elimu ya ushirika. Pendekezo: zitolewe semina.

Nilichosahau ni kwamba mtu ana umri. Safu ya umri niliijaza peke yake, ya uzoefu wa kulima kahawa peke yake. Siku ya kutetea, mzee mmoja wa jopo hakuuliza nadharia wala mbinu. Aliomba laptopu ya mama, akapishanisha safu hizo mbili. Watu kumi na saba wa miaka 18 hadi 25 walikuwa na uzoefu wa kahawa unaozidi miaka 30.

"Hawa walianza kuchuma kabla mama zao hawajaolewa," akasema. Jopo likacheka. Kisha akauliza taratibu: mwenyekiti wa ushirika huo anaitwa nani? Na ulipanda gari gani kwenda huko?

Mama hakuwa na jibu. Saa hiyo mimi nilikuwa hapa hapa kaunta, natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, soda mkononi, nasubiri ujumbe wa "tumefaulu".

Alikuja baada ya siku tatu. Hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Aliweka flashi mezani. "Waliniuliza nani kanifanyia. Nimesema nimefanya mwenyewe." Kazi yote ikafutwa, akaongezewa mwaka, na ada nyingine juu ya deni la VICOBA. Nilimrudishia hela yake kwa mafungu, maana nusu ilishageuka printa.

Akapanda mlimani mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi. Aliniletea madodoso 137. Yana matope, yana alama za vidole, moja lilimwagikiwa mbege likakauka kama chapati ya juzi. Visanduku wameviruka, wameandika pembeni. Aliyelilia semina sikumwona. Mlanguzi anafika shambani na noti mkononi, ushirika unatoa malipo ya awali na kilichobaki kinakuja mbele ya safari, wakati ada ya mtoto haingoji. Bibi mmoja, penye miaka ya uzoefu, aliandikiwa: "tangu nilipoolewa".

Niliichapa ile kazi bure. Alfa ilitoka 0.63, chini ya ile yangu ya kupika. Jopo lilimbana kwa hiyo namba, naye akawaeleza, mkulima kwa mkulima, mpaka wakamwomba apumzike.

5. Mnaowaandikia Wazungu kazi za chuo mtandaoni kwa akaunti za kukodi Kenya: kuwauzia wanafunzi wa vyuo vya England huduma hiyo ni jinai kwa sheria ya 2022, na Australia walitangulia 2020. Na mteja akisema mwisho wa kukabidhi ni saa sita usiku ya New York, hiyo ni saa mbili asubuhi kwetu, ila kuanzia Jumapili ya pili ya Machi inakuwa saa moja. Siwashauri muingie, nawaeleza tu kwa nini mliamka mmekatwa hela.

6. Umeme unakatika. Hifadhi kazi.

Kopi tano za Rombo nimezifungia chini ya kaunta. Mwenyewe anazifuata Alhamisi. Kabla hajatoa hela nitamwuliza alipanda gari gani.