Jibu: Nimekatiza mfungo siku ya tisa, Mungu amenikasirikia?

Bwana Yesu asifiwe, dada yangu. Umeuliza kama Mungu amekukasirikia kwa kuwa ulikatiza mfungo wa Kwaresima siku ya tisa, na tangu hapo hata kuomba unaona aibu. Pole. Ila tatizo silioni kwenye ile chai na chapati uliyokula.

Fungua Marko 1. Yesu anapanda kutoka majini Yordani, sauti inasema, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Zile siku 40 za jangwani zinakuja baada ya hapo. Alikwenda nyikani akiwa ameshapendwa, hakwenda kuutafuta huo upendo.

Mimi nilikuwa na daftari. Alfajiri nikiamka saa kumi na moja kuomba, naweka alama ya vema. Nikipitiwa na usingizi, kesho yake naomba mara mbili, kama mtu anayepunguza deni dukani kwa Mangi. Mke wangu akaniuliza, "Hivi huyo unayemkwepa ndiye unayemwita Baba?" Nilinyamaza. Daftari sasa lina hesabu za kuku.

Kwa hiyo usizifidie siku zilizopita. Kesho kaa naye dakika kumi tu, soma Zaburi 23 polepole, mstari ukikugusa baki hapohapo. Mfungo utaurudia ukiwa na hamu nao. Na kama una vidonda vya tumbo (wengi tunaficha), usifunge kula, badala yake funga kutumia simu kuanzia saa mbili usiku. Hiyo nayo ngumu, utaona.