Giaboksi ya Pili Nayo Imegoma

SWALI: Nina Corolla NZE121 ya mwaka 2003, otomatiki. Giaboksi ilianza kuteleza, nikanunua nyingine iliyotumika Japani, kule Kirinyaga Road. Fundi alisema ilimsumbua kuingia, akaivuta kwa bolti mpaka ikashikana na injini. Gari lilipowashwa lilivuma, likasonga hatua chache, na sasa haliendi mbele wala nyuma. Muuzaji amekataa kuipokea. Nani alipe?
Msomaji, Umoja

JIBU: Kwanza pima oili, kwa maana giaboksi yenye oili pungufu nayo huvuma na kukataa kwenda. Kama kipimo kiko sawa, hofu yetu iko kwenye maneno yako mawili: "kwa bolti".

Konvata (bakuli la oili linalopitisha nguvu ya injini hadi giaboksi) huingia kwa vituo vitatu: meno ya shafti, meno ya stata (ile ya konvata, si ya kuwashia gari), halafu shingo yake kushika gia ya pampu ya oili. Fundi huisukuma huku akiizungusha mpaka idondoke kituo cha mwisho. Isipofika huko, giaboksi hukataa kugusana na injini, na hapo ndipo mwenye haraka hukaza bolti. Shingo huikandamiza pampu mpaka gia yake inapasuka. Pampu ikifa hakuna presha, na klachi za ndani hazishiki kitu.

Kuthibitisha ni rahisi. Chomoa paipu inayorudisha oili ya giaboksi kutoka kwenye rejeta, inakopozwa, ielekeze kwenye chupa, washa injini kwa sekunde chache tu. Oili isipotoka, na paipu haijaziba, pampu imekwisha. Giaboksi ishushwe na pampu ifunguliwe nyote watatu mkiwepo: wewe, fundi na muuzaji. Gia ikiwa imevunjika upya, mzigo ni wa fundi, muuzaji usimlaumu.

Kwa giaboksi ya tatu, hakikisha imetoka kwenye NZE121 yenye injini ya 1NZ. Ya NZE124 ni ya gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, haitakufaa. Linganisha plagi za waya kabla ya kulipa.

Rejeta isafishwe. Giaboksi ya kwanza iliacha unga wa klachi kwenye kipoza oili kilicho ndani ya rejeta, na ya pili huenda imeongeza vipande vya chuma. Hivyo vyote vitaingia kwenye mpya. Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yamepenya, badilisha rejeta yote.

Pini mbili za kulenga zilizo kwenye injini zisipotee (mafundi wengi huziona takataka). Weka sili mpya ya shingo ya konvata. Giaboksi ikishagusana na injini kwa mkono, bila bolti kuvuta, konvata izunguke bure na ibakize milimita chache kabla ya kufika fleksipleti, lile bamba la injini inapofungwa konvata. Isipozunguka, rudisha nyuma, anza tena.

Oili ni Toyota T-IV, si WS, aina nyingine ya Toyota. Giaboksi kavu ianze na lita 4 hivi kabla ya kuwasha, kisha ongeza nusu lita nusu lita injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, huku ukipitisha selekta kwenye kila gia. Kipimo cha mwisho husomwa oili ikiwa moto, selekta iko P, na injini haijazimwa.